Gazi si Gazi Tu: Jua Kilicho Ndani Yake Mbele ya Kuifunga kwa Moteri

Ilikuwa siku ya soko. Tangu saa kumi na mbili ya asubuhi wamama walikuwa wamepanga mabeseni yao ya muhogo na mahindi mbele ya mulini ya koperative. Moteri iliwaka vizuri, ikazunguka dakika chache, kisha ikaanza kutoa sauti kama mutu anayepiga nyundo ndani ya ndoo. Tukaizima mbio. Tulipoifungua, zile bamba laini zinazoshika vilebrekini, ambazo sisi wamekanisie tunaita kusine, zilikuwa nyeusi na zimelikalika kama jino lililooza. Ile moteri ilikuwa imemaliza miezi 5 tu ikitumia biogazi.

Aliyefunga tiyo ya biogazi kwa moteri ile ni mimi.

Mama prezida wa koperative hakunitukana. Aliniuliza tu: "Papa fundi, si ulituambia gazi ni gazi?" Kweli nilisema hivyo. Niliona gazi inawaka kwa jiko, inapika maharagi, nikafikiri basi itazungusha na moteri. Siku ile wamama walibeba mabeseni yao kichwani, wakaenda kusagisha kwa mulini ingine, saa mbili na nusu kwa miguu. Na koperative ilikosa mapato mpaka tulipopata pesa ya kutengeneza moteri.

Naandika haya ili koperative ingine isilipe masomo kwa bei ile. Wengi wanatuuliza kama wanaweza kupunguza mazutu kwa kutumia gazi ya mavi ya ngombe. Ndiyo, inawezekana. Lakini moteri haili gazi tu. Inakula kila kitu kilicho ndani ya ile gazi.

NDANI YA GAZI MUKO NINI?

Kinachowaka ndani ya biogazi kinaitwa metani. Mara nyingi metani inachukua sehemu 50 hadi 70 juu ya 100. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni gazi kaboniki, ile ambayo haiwake. Halafu kuna mvuke wa maji, na kidogo cha gazi ya sufuru, ile yenye harufu ya yai lililooza.

Gazi ya asili inayotoka chini ya ardhi nayo ni metani kwa sehemu kubwa, lakini inaweza kuchanganyika na wandugu zake wazito: etani, propani na butani. Inaweza pia kuwa na azoti na gazi kaboniki. Kila kisima kiko na muchanganyiko wake.

Gazi ya chupa inayouzwa Goma na Bukavu ni kitu kingine tena. Ile ni propani na butani, si metani. Kwa hiyo jiko ao kifaa kilichotengenezwa kwa gazi ya chupa hakiwezi kufungwa tu kwa biogazi bila kubadilisha tundu la kupitishia gazi. Tundu likiwa moja na musukumo ukiwa mumoja, joto linalopita si moja. Tena kumbuka hii kwa usalama: metani ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Gazi ya chupa ni nzito, inalala chini, mu pembe za nyumba na mu mashimo, inangoja moto.

SOMO LA ZIWA KIVU

Kwa kuelewa jambo hili, hatuna haja ya kwenda mbali. Chini ya Ziwa Kivu kumelala karibu kilometre 60 za ujazo za metani. Lakini pamoja nayo kuna gazi kaboniki karibu mara 5 zaidi, kilometre 300 za ujazo. Wakaaji wa Goma na Sake wanaijua gazi kaboniki kwa jina lingine: mazuku. Ni ile ambayo inatoka ndani ya ardhi, inajaa mu mabonde madogo, inazima moto na kuua mbuzi, na hata batu. Ni nzito, na haiwake hata kidogo.

Ndiyo maana kule Rwanda, kwa ngambo ingine ya ziwa, hawapeleke gazi kwa moteri vile inavyotoka ndani ya maji. Kituo cha KivuWatt, karibu na Karongi, kinatoa umeme wa megawati 26 kwa moteri za gazi. Wanapandisha maji ya chini, gazi inatoka ndani yake, kisha wanaiosha kwa maji ya ziwa. Maji yanabeba sehemu kubwa ya gazi kaboniki na ya gazi ya sufuru, metani inabaki nyingi. Hapo tu ndipo moteri inapewa. Hata zamani, kuanzia 1963, gazi ya ziwa ilikuwa inachemsha maji kwa kiwanda cha bia cha Gisenyi. Kwa kuchemsha maji, gazi isiyo safi sana inaweza kutosha. Moteri inachagua zaidi kuliko jiko.

NGUFU: HESABU KWA LITRE YA MAZUTU

Shika kipimo hiki kichwani: metre moja ya ujazo ya metani safi, yaani hewa inayoweza kujaza bido 50 za litre 20, iko na joto sawa na litre 1 ya mazutu, karibu tu. Basi biogazi yenye metani 60 juu ya 100 ni sawa na litre 0,6. Yenye metani 50 ni sawa na nusu litre. Bido ni zile zile 50, lakini chakula cha moteri kimepungua.

Gazi kaboniki inafanya mabaya mawili. Kwanza inakula nafasi ndani ya silinda bila kuleta joto. Pili inachelewesha moto. Moteri ya esansi iliyofungwa biogazi inaweza kupoteza robo ya ngufu yake, na hata kupita. Ongeza tena milima yetu: moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 1 juu ya 100 kwa kila metre 100 tunazopanda, juu hewa inakuwa nyepesi. Ziwa Kivu peke liko metre 1.460 juu ya bahari. Basi moteri ya farasi 10 haifike kwetu na farasi 10. Mutu akikuuzia moteri inayotosha kidogo tu kwa mulini yako, kataa. Chukua yenye ngufu ya ziada.

Kuna jambo la hewa pia. Litre moja ya metani inahitaji karibu litre 10 za hewa ili iwake yote. Biogazi yenye metani 60 inahitaji karibu litre 6. Mekanisie akipima robine ya hewa leo, na kesho gazi ikabadilika, kipimo kinakuwa cha uongo. Hewa ikizidi, moteri inakohoa na kukatakata. Hewa ikikosa, inatoa moshi wa sumu.

Na gazi ya tanki inabadilika kweli. Ile ya kwanza, tanki ikiwa mupya, ni gazi kaboniki kwa sehemu kubwa, haiwake. Iachilie inje, mbali na moto. Baridi ikiingia, ao ukilisha tanki kupita kiasi, tumbo lake linaharibika kama la ngombe aliyevimba, na metani inashuka.

MOTERI YA MAZUTU: INAKULA KIMYA KIMYA

Mulini nyingi za kwetu ziko na moteri ya mazutu. Hiyo haiwezi kuwaka kwa gazi peke. Moteri ya mazutu haina bujiya. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na metani inahitaji joto kubwa zaidi ya mara mbili kuliko mazutu ili iwake yenyewe. Kwa hiyo tunaingiza gazi pamoja na hewa, kisha kidogo cha mazutu kinakuja kuwasha yote, kama kijiti cha kiberiti. Kwa kazi nzuri, mazutu inaweza kupungua mpaka sehemu 20 juu ya 100 ya vile ilivyokuwa. Usilazimishe kushuka zaidi: mazutu inapoza enjektere, na ikikosa, enjektere zinaungua.

Hapa ndipo kuna mutego. Gazi ikiwa mbaya, moteri ya mazutu haizimi. Kifaa kinachotunza mwendo wake kinaona ngufu imepungua, kinaongeza mazutu chenyewe. Mulini inasaga, kila mutu anafurahi, lakini bido ya mazutu inakauka. Koperative yetu ilipita majuma mengi bila kujua, juu hakuna aliyekuwa anaandika. Basi daftari ndogo ni kipimo cha gazi pia: andika kila siku masaa ya kazi na litre za mazutu. Litre zikipanda na kazi ikiwa ile ile, nenda uangalie tanki.

GAZI NZITO NA KUGONGA KWA MOTERI

Metani iko na sifa moja nzuri sana: inavumilia kubanwa kuliko esansi bila kulipuka mbele ya wakati wake. Propani haivumilie hivyo, na butani ni mbaya zaidi. Ndiyo sababu gazi ya asili yenye wandugu wazito wengi, kama ile inayotoka pamoja na petroli, inaleta joto kubwa lakini inaweza kugonga ndani ya moteri iliyopimwa kwa metani. Kule Muanda, kwa bahari, gazi ya namna hiyo imekuwa inachomwa hewani kwa miaka mingi. Sababu moja ni kwamba kuitumia kunaomba kwanza kuitenganisha na kuisafisha.

Kwa sisi watu wa biogazi, gazi nzito hazimo. Lakini usichanganye gazi ya chupa na biogazi kwa moteri moja ili "kuongeza ngufu". Ukisikia kugonga, tok tok tok ya chuma, funga gazi mara moja. Pistoni inaweza kutoboka.

SUFURU: MUIZI ALIYEKULA KUSINE ZETU

Sasa nirudi kwa kosa langu. Gazi ya sufuru ndani ya biogazi ni kidogo sana: mara nyingi sehemu mia kadhaa juu ya milioni, wakati mwingine elfu kadhaa. Kwa jiko huoni kitu. Lakini ndani ya moteri inaungua, inakutana na maji, inageuka asidi, ndugu ya ile iliyo ndani ya batiri ya gari. Asidi inaingia ndani ya mafuta ya kulainisha, inashuka chini, inakula shaba iliyo kwa kusine. Watengenezaji wengi wa moteri wanataka gazi ya sufuru ibaki chini ya sehemu mia chache juu ya milioni. Mimi sikuweka filitre yoyote. Tena tulikuwa tunabadilisha mafuta kwa masaa yale yale ya zamani, kama moteri inayokula mazutu peke. Makosa mawili, na kila moja lilitosha.

Alama zilikuwepo, kama ningekuwa na macho. Waya za shaba karibu na tiyo ya gazi zilikuwa nyeusi. Mafuta yalikuwa yanageuka mazito haraka. Robine ya shaba ilianza kukwama.

Dawa yake ni kutu. Ndiyo, kutu ya chuma! Gazi ya sufuru ikipita ndani ya chuma chenye kutu, inashikamana nacho, inabaki pale. Unachukua tiyo kubwa ya plastiki ao bido yenye kufungwa vizuri, unaijaza na mabaki ya chuma yaliyokatwa nyembamba ao sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Mbele ya hapo unailowesha na kuiacha hewani siku kadhaa mpaka iote kutu nyekundu. Gazi inaingia chini, inatokea juu. Kutu ikigeuka nyeusi, imeshiba.

Chuma kilichoshiba kinaweza kurudishwa kwa kukianika hewani, lakini angalia: kinapopata hewa kinapata moto chenyewe, na kinaweza kuwaka. Kitoe inje, mbali na nyasi, makala na watoto. Kitandaze chembamba, ukinyunyizie maji.

Neno moja la uhai: usiamini pua yako. Gazi ya sufuru ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza, harufu inapotea, kisha inaua mutu. Mutu asiingie kamwe ndani ya tanki ya biogazi, hata kama inaonekana tupu, hata kwa kuokota ndoo iliyoanguka.

MOSHI: NANI ANAUVUTA?

Mbele ya mulini kuna wamama wenye watoto mugongoni. Wanangoja saa moja, saa mbili. Moshi wa moteri ni jambo lao kuliko la mekanisie.

Mazutu ikipungua, masizi meusi yanapungua. Hilo ni zuri, linaonekana. Lakini kuna moshi ambao hauonekane. Gazi isipopata hewa ya kutosha inatoa monoksidi ya kaboni, ile ile sumu inayoua batu waliolala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina rangi, haina harufu. Moteri isifanye kazi ndani ya nyumba bila tiyo ya moshi inayotoka inje na kupita juu ya paa.

Moto mukali sana ndani ya silinda unazaa oksidi za azoti, zinazochoma kifua. Hapa gazi kaboniki, ambayo tumeisema vibaya, inasaidia kidogo: inapoza moto, oksidi hizo zinapungua. Lakini ikizidi, moto unakuwa muvivu, na metani inatoka kwa tiyo ya moshi bila kuungua. Hiyo ni hasara mara mbili. Ni chakula chako kinatupwa, na metani ikiingia angani inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko uzito sawa wa gazi kaboniki, ukihesabu kwa miaka 100. Inatokea sana moteri ikizunguka bila muzigo. Kwa hiyo fungua gazi wakati mulini inasaga kweli. Kama ni beseni moja tu la mahindi, tumia mazutu peke.

HESABU YA NGOMBE

Mbele ya kuita fundi, kaeni chini mupige hesabu. Moteri inayotoa kilowati 5 inakula karibu metre 3 za ujazo za biogazi kwa saa. Ikifanya kazi masaa 3 kwa siku, ni metre 9. Kilo 10 za mavi mabichi, ambazo ngombe mumoja anayelala ndani ya zizi anaweza kuacha, zinatoa karibu metre 0,4. Basi munahitaji mavi ya ngombe 22 ao 23 kila siku, na maji ya kuchanganya, kiasi sawa na mavi.

Mukiwa na hao, munaweza kuokoa litre 4 hadi 5 za mazutu kwa siku. Metani ikishuka kutoka 60 mpaka 50, munapoteza karibu litre 1 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya litre 20. Mukiwa na ngombe 6, musijidanganye: gazi yenu ni ya jiko, na mbolea inayotoka kwa tanki ni ya shamba. Hiyo pia ni faida.

MAMBO 7 YA KUSHIKA

1. Angalia moto kwa jiko kila asubuhi. Moto wa bluu unaotulia ni muzuri. Moto unaoruka na kuzimika unasema gazi kaboniki imezidi. Siku hiyo usifungue gazi kwa moteri.

2. Laza tiyo ya gazi ikiwa na mushuko, na pahali pa chini kabisa weka chupa ya kukamata maji. Imwage kila siku.

3. Weka filitre mbili za kutu, moja nyuma ya ingine. Ya kwanza ikishiba, ya pili bado inalinda.

4. Washa moteri kwa mazutu peke, ipate joto, tia muzigo, kisha fungua gazi polepole. Kwa kuzima, funga gazi kwanza, acha moteri izunguke dakika kadhaa kwa mazutu ili isafishe asidi na maji.

5. Badilisha mafuta ya kulainisha mapema kuliko zamani. Sisi sasa tunabadilisha kwa nusu ya masaa tuliyozoea.

6. Andika masaa na litre kila siku. Muandishi awe mutu mwingine, si mekanisie.

7. Tiyo ya moshi itoke inje juu ya paa, na hakuna sigara wala mbabula karibu na tanki.

MULINI INASAGA TENA

Koperative ile ilinunua kusine mupya kwa michango ya memba. Mimi nilitoa kazi yangu bila malipo, hakuna aliyeniomba. Tuliweka filitre mbili za kutu ndani ya tiyo ya plastiki, na chupa ya maji pale tiyo inapopita bondeni. Daftari inashikwa na binti wa mama mumoja, aliyemaliza masomo ya sekondari.

Siku ya kufungua tena, mama prezida alikuja mbele ya moteri, akanusa robine, akanitazama. "Leo papa fundi atatuambia nini?" Nikamwambia: "Mama, leo sisemi kitu. Tuangalie kwanza moto." Tukawasha jiko. Ulikuwa wa bluu. Ndipo nikafungua gazi.